Njia ya Alabama Inapitia Kituo cha Kwanza

Wachezaji wangu wawili wa mwaka ule walifika Aprili, theluji ikiwa bado imejibanza nyuma ya gereji. Kila mmoja alibeba begi refu la magongo ya besiboli na uso wa mtu aliyelala kwenye basi.

"Sheria za nyumba hii ni chache," niliwaambia kabla hawajakaa. "Taulo mbichi haiwekwi kitandani. Sahani uliyolia, unaiosha. Kinacholiwa ni kilichopikwa. Na msinidanganye. Mimi nasimamia jiko la hospitali ya wilaya, nimeshasikia uongo wa kila aina kuhusu chakula."

"Sawa, mama," akasema Brantley Tharp, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Georgia, mrefu kiasi cha kuinama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Greta," akamsahihisha mwenzake, Wilkin Peguero. "Na usithubutu kumwambia huli vitunguu. Mimi nilimwambia mwaka jana. Wiki nzima nikala supu ya vitunguu."

"Na ulipona," nikasema.

"Nilikuwa siumwi!"

Hiyo ilikuwa miaka ile ambayo klabu za ligi ndogo bado ziliwaacha wachezaji wajitafutie pa kulala, na familia za Kettle Bend zikiwachukua wawili wawili hadi msimu uishe. Sisi, mimi na mume wangu Wendell, tulianza binti yetu alipoondoka kwenda chuo. Wendell alisema nyumba imekuwa kimya. Mimi nilisema nimezoea kupika sufuria kubwa. Sote tulikuwa tunasema jambo moja.

Timu yetu inaitwa Kambare, kwa sababu ya mto. Si timu ya mwisho wala si ya juu, ni ya katikati ya ngazi. Kijana akifanya vizuri hapa, anapelekwa Alabama, na kutoka huko Ligi Kuu anaanza kuinusa. Akiharibu, anarudishwa kambini Arizona, na wengi wanaorudishwa Arizona hupewa tiketi ya kwao baada ya hapo. Kwa hiyo mjini kwetu Alabama si jimbo. Ni cheo. Watu wanaulizana dukani, "Huyu mdakaji mpya, ni mtu wa Alabama?" Na muuza nyama anajibu bila kuinua macho, "Huyo? Labda akapite kwa basi."

Wilkin alicheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mpira unafika ukiwa na hasira. Alikuwa na mikono ambayo sijaiona kwa mchezaji mwingine aliyewahi kulala nyumbani kwangu. Mpira uruke upande, ubadilike, upige jiwe, yeye angeuokota kana kwamba ameudondosha mwenyewe. Umri wake miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Azua kule Jamhuri ya Dominika, mcheshi, msafi, anapiga pasi soksi zake.

Alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakupenda kukimbia.

Ukipiga mpira ukaenda juu, sawa, tazama utakapoangukia. Lakini ukiupiga ukaburuza chini, kazi yako ni moja tu: kimbia ufike kituo cha kwanza kabla ya mpira. Mara nyingi mpira utakutangulia, nawe umetolewa, unarudi benchi. Lakini mara nyingine atakayeuokota atababaika, ataurusha vibaya, na wewe utakuwa umefika. Wilkin akipiga mpira wa kuburuza alikuwa anatembea kwa madaha kama bwana harusi. Nilipiga kelele kutoka kwenye kiti changu nyuma ya kibanda cha benchi lao, "Kimbia, mtoto! Hiyo miguu umeazima?" Watu wakacheka. Yeye akainua kofia kunisalimia.

Mwaka huo haukuwa wa kuinua kofia. Ulikuwa wake wa pili kwetu, na wa tatu hapewi mtu. Juni klabu kuu, ile ya Ligi Kuu inayoimiliki timu yetu, ikasajili kijana kutoka chuo kikuu, nafasi ileile ya Wilkin, na ikajulikana kwamba mwakani kijana huyo ataanzia Kettle Bend. Hivyo ilikuwa ama Alabama kabla msimu haujafungwa mwanzoni mwa Septemba, ama Azua moja kwa moja. Hakuna aliyetusomea hilo. Kila mtu alilijua, kuanzia kocha hadi mama anayeuza mahindi ya kuchoma getini.

"Kijana wa chuo ana mkono mzuri?" Wilkin aliniuliza siku moja, akikausha vyombo.

"Sijamwona."

"Watu wanasema anakimbia sana."

"Basi ana kitu kimoja ambacho wewe hutaki kukitumia," nikasema. Akanipa sahani, akachukua nyingine.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Klabu kuu ikimtaka kijana, haingoji mechi iishe. Inapiga simu kwa kocha, na kocha anamtoa kijana uwanjani hapohapo, asije akaumia wakati mtu keshamnunua au keshampandisha. Kijana hajaumia, hajakosea, ghafla anaitwa nje. Wenzake wakiona hivyo wanajua. Wanasimama mlangoni pa benchi na kumkumbatia mmoja mmoja. Sisi jukwaani tunasimama pia. Juni tulimuaga hivyo Odell Fontenot, mlinzi wa uwanja wa nyuma. Alitolewa zamu ya sita kati ya tisa, akakumbatiwa mpaka kofia ikadondoka, na kesho yake alikuwa anacheza Alabama. Wilkin ndiye aliyemkumbatia muda mrefu kuliko wote. Niliuona uso wake begani kwa Odell. Hakuwa anacheka.

Halafu ikafika siku ya mwisho ya klabu za Ligi Kuu kubadilishana wachezaji. Siku hiyo vijana wote wa ligi ndogo ni wagonjwa wa tumbo. Mechi ilikuwa ya mchana, joto la Iowa la mwisho wa Julai, mahindi ng'ambo ya uzio yamesimama bila upepo. Jukwaani kila mtu ana simu mkononi anasoma nani kauzwa wapi.

Zamu ya nne Wilkin alipiga mpira wa kuburuza kuelekea kwa mlinzi wa kituo cha pili. Mlinzi akaudondosha. Akauokota, akaudondosha tena. Wilkin alikuwa anatembea. Alipogundua kwamba angeweza kufika, mpira ulikuwa umeshamtangulia. Ni wachache walioona, watu walikuwa wanasoma simu. Mimi niliona. Nilimwona pia kocha wao, Rudy Marchetti, akitema maganda ya alizeti na kukaa kimya. Rudy si mtu wa kukaa kimya.

Kambare wakarudi kulinda uwanja. Mpigaji wa kwanza wa wapinzani akapiga mpira mfupi wa juu, ukaning'inia nyuma ya Wilkin. Akautazama. Akamtazama mwenzake wa nyuma. Mpira ukaanguka katikati yao kama kinyesi cha ndege. Hapo Rudy akatoka kwenye benchi, akainua mkono na kumwita nje.

Kijana mzima, katikati ya zamu, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji.

Tharp ndiye aliyeanza. Aliruka kutoka kwenye benchi na miguu yake ile ya korongo, akamkumbatia Wilkin na kumnyanyua juu. Wote wakafuata. Jukwaa likasimama. Mtu akaanza kuimba "A-la-ba-ma! A-la-ba-ma!" na watu wote wakaitikia, na Wilkin akawa anafuta macho kwa jezi, anatupungia mikono miwili.

"Hatimaye!" Wendell akasema, anapiga makofi. "Nilikwambia huyu mtoto ataenda."

"Kaa chini," nikamwambia.

"Nini tena?"

"Rudy hajampa mkono. Odell alipewa mkono kwanza. Mtazame Rudy."

Rudy alikuwa amesimama mwisho wa benchi, amempa kila mtu mgongo, shingo nyekundu kama nyanya.

Wendell akatazama. Makofi yake yakapungua taratibu. "Greta," akasema, "labda umekosea."

"Ningependa."

Baada ya mechi nilikwenda kungoja kwenye gari. Watu walikuwa wamejaa pale mlangoni, wanataka Wilkin awasainie mipira kabla hajaondoka. Alitokea mlango wa nyuma, wa takataka, akaingia kwenye gari langu na kujilaza kiti cha nyuma ili asionekane.

"Endesha, Mama Greta."

"Imekuwaje?"

"Endesha kwanza!"

Nikaendesha hadi kwenye maegesho ya kanisa la Walutheri, nikazima injini. Tharp alikuwa kiti cha mbele, magoti yake yamegusa dashibodi, anatazama mbele kama mtu aliyevunja chombo cha mwenyewe.

"Nimeingia ofisini kwake," Wilkin akasema kutoka nyuma. "Nimevua kofia. Nimemshukuru. Nimemshukuru, Mama Greta! Nimemwambia sitamsahau maisha yangu yote."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, 'Unanishukuru kwa kukukalisha benchi?'"

Tharp akafunika uso. "Ndugu yangu, nisamehe. Mimi nilijua tu..."

"Wewe nyamaza. Umeninyanyua kama bibi harusi mbele ya mji mzima."

"Ulikuwa unalia kwa furaha!"

"Kwa sababu ulininyanyua!"

Nilitaka kucheka, lakini hapakuwa na nafasi. Wilkin akatoa simu, akanionyesha. Dada yake aliyeko New York alikuwa ameona video ya kukumbatiana kwenye mtandao kabla hata zamu haijaisha. Alikuwa amempigia mama yao Azua. Mama yao alikuwa amechinja mbuzi.

"Nipeleke uwanja wa ndege," akasema. "Naenda nyumbani. Septemba watanifukuza hata hivyo. Afadhali niende mwenyewe."

"Una tiketi?"

"Sina."

"Basi nikupeleke ukaangalie ndege?"

Nikageuka nikamtazama pale alipolala, mtu mzima amejikunja kama mtoto mwenye homa.

"Unajua kwa nini hukimbii?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nitatolewa tu. Mpira una kasi kuliko mtu."

"Hapana. Ukikimbia kwa nguvu zako zote halafu ukatolewa, watu wote wataona ulijaribu ukashindwa. Ukitembea, unaweza kujidanganya kwamba hukutaka. Basi leo umeona faida ya kutembea. Umetembea hadi wapi? Hadi kwenye maegesho ya kanisa, umelala kiti cha nyuma."

Tharp akasema polepole, "Mama Greta, kidogo kidogo."

"Wewe una mechi kesho, kidogo kidogo yako uiweke huko. Wilkin, mpigie mama yako. Sasa hivi. Akiambiwa na mtu mwingine itakuwa mbaya mara mbili."

Alikaa. Akavuta pumzi. Akapiga, akaweka sauti ya nje. Kihispania changu nimejifunzia jikoni, lakini kilinitosha. Nyuma ya sauti ya mama yake kulikuwa na muziki na watu wengi wakicheka.

"Mama, sijaitwa."

"Nani hajaitwa?"

"Mimi. Sikuitwa Alabama. Nilitolewa kwa sababu sikukimbia."

Muziki ukaendelea.

"Mguu unauma?"

"Hapana."

"Yote miwili mizima?"

"Mizima, mama."

"Basi sikiliza, Wilkin. Mbuzi yuko kwenye sufuria. Majirani wameshakaa, padri ameshafika, mjomba wako ameshalewa. Siwezi kumrudisha mbuzi zizini. Nitawaambia tumekula mapema kidogo. Wewe nenda ukafanye kazi yako, nisije nikawa mwongo mbele ya padri."

Akakata simu.

Tharp ndiye aliyeanza kucheka, akijaribu kujizuia, puani. Halafu Wilkin. Halafu mimi. Nikawasha gari tukaenda kula.

Rudy alimweka benchi mechi mbili. Ya tatu tulikuwa ugenini Prairie Grove, mwendo mfupi kwa gari, kwa hiyo mimi na Wendell tulikwenda. Habari ilikuwa imetutangulia. Wilkin aliposogea kupiga, jukwaa zima likaanza: "Peguero! Simu yako inaita!" Mzee mmoja mwenye kofia ya trekta akasimama na kukumbatia nguzo kwa huruma kubwa. Mkewe akaifuta nguzo machozi. Lazima nikubali ilikuwa nzuri.

Wilkin alipiga mpira wa kuburuza, mbaya kabisa, moja kwa moja mikononi mwa mlinzi.

Akakimbia.

Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Wendell akashika mkono wangu. Kijana alikuwa na mwendo! Miaka miwili alikuwa ameuficha kama mtu anayeficha pombe kabatini. Mlinzi aliinua macho, akaona anachokiona, akababaika, mpira akaurusha pembeni. Wilkin alikuwa amesimama juu ya kituo cha kwanza, anahema, anautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Sasa nani anaita?" nikamuuliza mzee wa trekta.

"Mama, huyo ni wako?"

"Analala kwangu."

"Mlishe vizuri," akasema, akakaa.

Agosti yote ilikwenda hivyo. Hakuwa malaika. Alitolewa mara nyingi kuliko alivyofika, maana hiyo ndiyo besiboli, na kila alipotolewa wenzake walijipanga na kumkumbatia kwa huzuni kama wanamsafirisha, Tharp akiwa wa mwisho, na leso. Mwanzoni alikasirika. Baadaye akawa anawaaga kweli: "Kwaherini, ndugu zangu, nitawaandikia." Lakini mipira ile ya ovyo, ile aliyokuwa akiitembelea, ilianza kumpa vituo. Walinzi wa timu nyingine wakajua anakuja, wakaharakisha, na anayeharakisha anadondosha. Hata ulinzi wake ukabadilika. Mipira aliyokuwa anaitazama ikining'inia nyuma yake, sasa aliifuata.

Rudy hakumsifu. Nilimuuliza siku moja getini.

"Unamwonaje Wilkin?"

"Anakimbia."

"Ndiyo tu?"

"Greta, nilimtoza faini mtu aliyenishukuru kwa kumfedhehesha. Ngoja nipone."

Wiki ya mwisho ya Agosti, asubuhi, Wilkin alikuwa jikoni anakaanga mayai na Tharp anamwambia chumvi imezidi. Niliona gari la Rudy linaingia uani. Makocha hawaji majumbani. Makocha wakija, ama mtu ameondoka au mtu anaondoka. Wilkin alimwona kupitia dirishani na akazima jiko.

Rudy akaingia, kofia mkononi. "Greta. Tharp. Peguero, kaa."

"Nitasimama," Wilkin akasema.

"Mtu wao wa Alabama amevunjika kidole jana. Waliniuliza kama nina wa kuwapa. Walitaja jina la mtu wa Arizona. Nikawaambia hapana, ninaye wangu. Ndege ni saa saba."

Hakuna aliyemkumbatia mtu. Tharp alikuwa amebana mikono yake kati ya magoti.

Wilkin akamtazama Rudy, akanitazama mimi, akamtazama Rudy tena.

"Piga simu," akasema.

"Nini?"

"Piga simu Alabama. Mbele yangu. Weka sauti ya nje."

Rudy akapumua kwa pua. Nilidhani atampasua. "Nimekuja mpaka hapa..."

"Mpigie, Rudy," nikasema. "Huyu ameshaungua mara moja. Simu haitakugharimu kitu."

Akapiga. Ikaita. Sauti nzito ya kusini ikapokea: "Rudy! Huyo kijana wangu yuko njiani au bado anakula?"

Rudy akautazama mkono wa Wilkin, uma ukiwa na kipande cha yai. "Bado anakula."

"Mwambie huku kuna chakula. Leo jioni anaanza."

Wilkin akaweka uma chini. Akanyoosha mkono, na Rudy akaushika, akautikisa mara moja, kwa nguvu. "Ukitembea kule," Rudy akasema, "nitakuja kwa miguu kukurudisha."

"Sitatembea, Bosi."

Nilifunga begi lake mimi mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa anaingiza vitu na kuvitoa. Soksi zilizopigwa pasi juu, viatu chini, sandwichi nne pembeni. Njiani kwenda uwanja wa ndege nilimuuliza kama ameshampigia mama yake.

"Bado. Nitampigia nikiwa na jezi mwilini, mechi ikiwa imeanza na imeisha."

"Akili," nikasema.

Mlangoni pa uwanja alitaka kusema maneno marefu. Nilimwambia askari anatutazama na gari langu liko mahali pasiporuhusiwa, kwa hiyo afupishe. Akasema, "Asante kwa vitunguu." Nikamwambia aende, na akaenda kwa mwendo wa haraka, begi linamgonga mgongoni.

Jioni ile mimi na Wendell tulisikiliza matangazo ya Alabama kwenye kompyuta, mezani pa jikoni. Mara ya kwanza kusimama kupiga, Wilkin alipiga mpira wa kuburuza. Tuliusikia, mlio ule mkavu wa gongo, halafu mtangazaji akapandisha sauti, akapandisha, halafu akacheka. "Ametolewa, kwa unyoya tu! Jamani, huyu mgeni wetu anakimbia!"

"Ametolewa," Wendell akasema, akitazama kompyuta kama imemkosea.

"Nimesikia. Atapiga tena zamu ya nne."

"Na sisi huku tutamshangilia nani sasa?"

"Tharp anarusha kesho, na tangu Jumatatu mpira wake wa polepole haupindi. Toa nyama kwenye friza. Nitazungumza naye wakati wa kula."